Homa Baada ya Kutibiwa Kizazi: Tusifiche, Tuandike, Tuwahi

(Haya ni mazungumzo na wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Keza, wilaya ya Ngara. Tunayachapa ili na wale ambao hawakuwapo wayasome na kuwasomea wenzao.)



Tunawashukuru kwa kuacha kazi za shamba na kuja kutusikiliza. Leo hatukuja kuzungumza juu ya vyoo wala vyandarua. Hayo mnayajua. Tangu kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wazee wetu walipokaa katika vikundi kusikiliza redio, mambo hayo yamesemwa sana. Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Ni ugonjwa unaoanzia katika kizazi cha mwanamke na kuishia kichwani.

Najua mtauliza: "Kizazi na kichwa, wapi na wapi?" Swali hilo ni zuri. Ndilo hasa lililotuleta. Maana kwa kuwa watu hawaoni uhusiano wa kizazi na kichwa, mama huugua kichwa, na hakuna anayekumbuka kwamba wiki iliyopita alitibiwa kizazi. Na asipokumbuka mtu, matibabu hukawia. Yakikawia, mama hufa.

Tuseme kabisa tangu mwanzo: ugonjwa huu hutokea kwa nadra sana. Wanawake wengi hutibiwa kizazi, hupona, hurudi kulima. Hatukuja kuwatisha watu wasiende hospitali. Tumekuja kusema jambo moja tu: homa ikija baada ya kizazi kutibiwa, tusiifiche, tuiandike, tuwahi.

TUANZE NA MIGOMBA YETU

Sisi watu wa Kagera tunaishi kwa ndizi. Mnaukumbuka mnyauko wa migomba. Ugonjwa huo ulitambuliwa mkoani kwetu mwaka 2006, upande wa Muleba, kisha ukaenea. Mgomba mzima, wenye majani mazuri, ulianza kuwa wa njano, ukanyauka. Ukiukata ndani unatoa utomvu wa rangi ya maziwa uliogeuka njano. Ndizi zikaiva kabla ya wakati, na ndani zimeoza.

Mabwana shamba walitufundisha nini? Walisema mnyauko huletwa na bakteria. Bakteria ni vijidudu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Walisema pia kwamba panga ndilo linalowabeba. Unakata mgomba mgonjwa, kisha kwa panga lile lile unakata majani ya mgomba mzima. Umeufungulia mlango. Vijidudu huingia kwenye lile jeraha, hupanda ndani ya mgomba, na baada ya wiki chache ugonjwa huonekana mbali na pale ulipokata.

Basi tukaambiwa: panga lipitishwe kwenye moto, au lichovywe katika maji yenye klorini, ile dawa ya kufulia nguo nyeupe. Aliyefanya hivyo aliokoa shamba lake. Aliyepuuza, shamba lake liliteketea.

Sasa shikeni mambo mawili hapo. La kwanza: jeraha ni mlango. La pili: kijidudu kinaweza kuingia mahali pamoja, na ugonjwa ukaonekana mahali pengine kabisa. Mkiyashika hayo mawili, yote tutakayosema leo yatakuwa rahisi.

JERAHA LISILOONEKANA

Mama anapojifungua, kondo la nyuma hubanduka kutoka katika ukuta wa kizazi. Pale lilipokuwa limeshika hubaki jeraha. Nalo si dogo. Ni pana kama sahani. Lakini kwa kuwa liko ndani, hakuna anayeliona, hivyo watu husahau kwamba mama yule ana kidonda.

Mimba ikiharibika ni vivyo hivyo. Kizazi hubaki na jeraha. Mara nyingine mabaki ya mimba hubaki ndani, na hapo hospitali humsafisha mama kizazi. Siku hizi watu wa afya hupenda kutumia mrija wa kufyonza, kwa sababu hauumizi kizazi kama chuma cha kukwangulia. Lakini hata mrija ukiwa safi, mlango wa kizazi umefunguliwa.

Wapo pia akina mama wanaopasuliwa ili wajifungue, wanaowekewa kitanzi, na wanaofungwa kizazi. Kazi zote hizi husaidia wanawake kila siku. Zikifanywa kwa mikono safi na vifaa vilivyochemshwa vizuri, hatari yake ni ndogo.

Ni ndogo kiasi gani? Mwaka 2019 yalitolewa majibu ya utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi nne: Tanzania, Uganda, Malawi na Pakistan. Wanawake 3,412 walioharibikiwa na mimba na kusafishwa kizazi walifuatiliwa. Kati ya kila wanawake 100, kama 4 au 5 walipata maambukizi ya kizazi na sehemu za karibu yake. Wale wengine, 95 hivi, hawakuyapata. Na katika wale wachache walioambukizwa, wengi sana hupona wakipata dawa mapema. Anayefikwa na ugonjwa hadi kwenye ubongo ni mmoja mmoja sana.

Lakini huyo mmoja ni mama wa watu. Ni mke wa mtu. Ni binti wa mtu. Anaweza kuwa wa nyumba yako.

VIJIDUDU HUFIKAJE KICHWANI?

Damu ni kama mto. Mto Ruvubu ukipokea takataka huku juu, haziketi hapo. Husafiri.

Vijidudu vikiingia katika jeraha la kizazi, kwanza hufanya usaha pale pale. Mama husikia homa na maumivu chini ya kitovu. Uchafu unaotoka hunuka. Hapo ugonjwa bado uko karibu. Dawa za antibiotiki huweza kuumaliza.

Asipotibiwa, vijidudu huingia katika damu. Sasa vinasafiri mwili mzima. Mama hutetemeka kwa baridi, moyo humwenda mbio, anahema haraka haraka, anaishiwa nguvu. Hapo peke yake mama anaweza kufa, hata kabla kichwa hakijaguswa.

Ubongo una ulinzi wake. Mishipa ya damu iliyo kichwani imejengeka kama boma lenye miti iliyobanana, ili vitu vibaya vilivyomo katika damu visipite ovyo. Ndiyo maana ugonjwa huu ni nadra. Lakini fisi wakiwa wengi na usiku ukiwa mrefu, boma huvunjika. Vijidudu vikipita, hufanya mojawapo ya mambo mawili. Ama hushambulia utando unaoufunika ubongo na uti wa mgongo. Huo ndio tunauita homa ya uti wa mgongo. Ama hukaa mahali pamoja ndani ya ubongo na kutunga usaha. Hilo ni jipu la ubongo. Jipu la mguuni unaliona. Jipu la ubongoni hulioni.

Wakati mwingine vijidudu hupitia moyoni. Hushika katika milango ya moyo, hukaa pale, kisha vipande vyake hubebwa na damu hadi kichwani.

Ipo njia nyingine tena. Mama anayepasuliwa mara nyingi hupewa sindano ya ganzi mgongoni. Sindano hiyo ni nzuri, imeokoa wengi. Lakini huingia karibu na maji yale yale yanayozunguka ubongo. Kwa hiyo lazima usafi uwe wa hali ya juu. Huko Marekani, kati ya mwaka 2008 na 2009, wanawake 5 waliokuwa na uchungu wa uzazi walichomwa sindano ya namna hiyo katika majimbo ya New York na Ohio. Wote walikuwa wazima. Muda si mrefu wakapata homa ya uti wa mgongo, na mmoja akafariki. Vijidudu vilivyoonekana ni vile vinavyokaa kinywani mwa mtu. Wale 2 wa Ohio walichomwa na mtoa ganzi yule yule, naye hakuvaa barakoa. Mnaona? Hata katika nchi tajiri yenye mashine nyingi, kitambaa cha kufunika mdomo kina kazi yake.

Na ya mwisho ni pepopunda. Mbegu za kijidudu cha pepopunda hukaa katika udongo na katika samadi ya ng'ombe. Zikiingia kizazini kwa kijiti, kwa mzizi, au kwa wembe mchafu, hutoa sumu. Kijidudu chenyewe hubaki kizazini, lakini sumu yake hupanda kwa njia ya neva hadi uti wa mgongo na shina la ubongo. Taya hukaza, mwili hukakamaa kama upinde. Mama huwa na akili zake timamu, anasikia kila kitu, lakini hawezi kufungua kinywa. Kwa bidii ya chanjo, mwaka 2012 ilithibitishwa kwamba Tanzania imeidhibiti pepopunda ya akina mama na watoto wachanga hata si tatizo kubwa tena. Lakini udongo haujaondoka. Aliyeacha kuchanja bado yumo hatarini.

HABARI YA DAKTARI WA VIENNA

Watu walijuaje haya? Hebu tuwape habari moja ya zamani.

Katika mji wa Vienna, nchi ya Austria, palikuwa na hospitali kubwa ya uzazi. Ilikuwa na wodi mbili. Moja ilihudumiwa na wakunga. Nyingine ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao. Jambo la ajabu ni kwamba katika wodi ya madaktari akina mama walikufa zaidi. Mwezi wa Aprili mwaka 1847, katika kila wanawake 100 waliojifungua humo, walikufa 18. Wanawake wa mji ule walilia wakiomba wasipelekwe huko.

Daktari mmoja, jina lake Ignaz Semmelweis, aliumia moyo. Akatafuta sababu. Mwaka ule ule rafiki yake, Jakob Kolletschka, alikuwa akichunguza maiti. Mwanafunzi akamchoma kidole kwa kisu kwa bahati mbaya. Kolletschka akaugua, akafa. Mwili wake ulipochunguzwa, walikuta usaha na uvimbe kifuani, tumboni, na hata katika utando wa ubongo. Semmelweis akashtuka. Mambo yale ndiyo aliyokuwa akiyaona kwa akina mama waliokufa baada ya kujifungua!

Fikirini, ndugu zangu. Jeraha lilikuwa kidoleni, lakini ugonjwa ulifika kichwani. Basi jeraha la kizazi nalo haliwezi?

Semmelweis akatambua kwamba madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuwashika wazazi. Mikono yao ndiyo iliyobeba mauti. Akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuingia wodini. Miezi michache tu baadaye vifo vilishuka hadi kama 2 kwa kila 100.

Klorini ile ni jamaa ya dawa hii hii tunayochovya mapanga yetu kwa ajili ya mnyauko. Wakubwa wengi wa wakati ule hawakumsadiki. Lakini mwaka 1879 huko Paris, Louis Pasteur alionyesha kijidudu chenyewe cha homa ya uzazi, kinachojipanga kama shanga. Ukweli ukajulikana.

TUSEME MAMA MMOJA

Sasa turudi huku kwetu. Tuseme yupo mama mmoja mwenye watoto wanne. Mimba ya miezi mitatu imeharibika. Jumatatu amesafishwa kizazi, amerudi nyumbani. Mume anafurahi kwamba amepona.

Alhamisi mama anasikia homa. Anameza vidonge vya maumivu, anakwenda kuchuma maharage. Jumamosi uchafu unanuka. Anaona haya, hamwambii mtu. Jumatatu nyingine kichwa kinamuuma kupita kiasi. Anatapika. Hataki mwanga wa mlango. Shingo imekakamaa, hawezi kugusa kifua kwa kidevu. Jioni anasema maneno yasiyoeleweka, hamtambui hata mwanawe.

Sasa watu wanajaa. Mmoja anasema ni malaria imepanda kichwani. Mwingine anasema mizimu imekasirika. Wa tatu anasema amerogwa, anataja na jirani. Mume anatafuta mbuzi wa kumpelekea mganga wa kienyeji.

Tuulizane, kosa liko wapi? Wengi watasema kosa ni la Jumatatu ile ya pili, watu walipotafuta mbuzi badala ya gari. Ni kweli. Lakini kosa la kwanza lilikuwa Alhamisi. Siku ile ugonjwa ulikuwa bado kizazini. Siku ile dawa ingemtosha, pengine hata bila kulazwa siku nyingi.

Hatuwadharau wazee wetu wala mila zetu. Anayetaka kuomba, na aombe. Lakini aombe akiwa njiani kwenda hospitali.

DALILI ZA KUKUMBUKA

Mama aliyejifungua, aliyeharibikiwa na mimba, aliyepasuliwa, au aliyetibiwa kizazi kwa namna yoyote katika wiki sita zilizopita, akiona moja ya hizi arudi hospitali siku ile ile:

1. Homa au kutetemeka kwa baridi.
2. Maumivu chini ya kitovu yanayozidi badala ya kupungua.
3. Uchafu wa ukeni wenye harufu mbaya, au usaha katika mshono.
4. Damu kutoka nyingi.
5. Kuhema haraka, moyo kwenda mbio, kuishiwa nguvu.

Na akiona moja ya hizi zinazofuata, asingoje hata saa moja:

6. Kichwa kuuma sana pamoja na homa au kutapika.
7. Shingo kukakamaa, au mwanga kuumiza macho.
8. Kuchanganyikiwa, kusinzia kusiko kwa kawaida, kusema ovyo.
9. Degedege.
10. Mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, au kuona vitu viwili viwili.
11. Taya kukaza.

Mtu atasema: "Mbona hata malaria huleta homa na kuchanganyikiwa?" Kweli. Tena hata kifafa cha mimba huweza kuleta degedege baada ya kujifungua. Ndiyo maana hatuwezi kukisia nyumbani. Magonjwa yote hayo huua, na yote hutibiwa hospitali. Kipimo kikionyesha malaria, atibiwe malaria. Lakini kuwa na malaria hakuzuii kuwa na usaha kizazini. Mama asipopata nafuu, wamtazame tena.

Na aliyepigwa sindano ya mgongoni huweza kuumwa kichwa akikaa au kusimama, kikapoa akilala. Mara nyingi hicho si kichwa cha vijidudu, nacho hupona. Lakini aseme hospitali wamtazame. Na kikija pamoja na homa, akimbie.

TUSIFICHE

Sasa tufike kwenye neno gumu.

Wapo wanawake na wasichana wanaoficha kwa sababu mimba haikuharibika yenyewe. Walitiwa kijiti, au mzizi, au walipewa dawa na mtu wa mitaani. Wanaogopa baba, wanaogopa mume, wanaogopa kijiji na sheria. Basi hujifungia ndani na homa yao.

Sisi hatukukaa hapa kuhukumu. Tunasema hivi: mtumishi wa afya kazi yake ni kutibu. Serikali yetu imeweka huduma ya kumtibu mwanamke aliyeharibikiwa na mimba, kwa namna yoyote iliyoharibika. Binti akifika hospitali aseme ukweli wote kwa daktari: kilichoingizwa, siku gani, na nani asijali. Daktari asipojua, atatibu kichwa na kuacha kizazi kikiendelea kumwaga vijidudu katika damu. Ni sawa na kuteka maji katika mtumbwi bila kuziba tundu.

Na ninyi wazazi, binti yako akilala na homa na hataki kusema, usimpige. Mwambie: "Mwanangu, tutazungumza baadaye. Sasa twende." Maneno hayo machache yanaweza kuokoa maisha. Hasira hungoja. Ugonjwa haungoji.

Akina baba, hili ni lenu pia. Mara nyingi ninyi ndio mnaoshika fedha, ndio mnaosema "twende" au "tungoje." Mke wako akitoka hospitali, muulize kila siku kwa siku kumi: "Una homa? Tumbo linaumaje?" Si aibu. Huo ni uanaume.

TUANDIKE: KAZI YA MTU ALIYESOMA

Ninyi mmehitimu kisomo. Mnajua kusoma na kuandika. Wengine huuliza, "Kisomo kitanisaidia nini, nami ni mkulima?" Leo tunawapa kazi.

Mama akiruhusiwa hospitali, chukueni karatasi yake, someni. Kama hakuna karatasi, ombeni. Kisha katika daftari la nyumbani andikeni mistari minne:

Jina la mgonjwa.
Tarehe aliyotibiwa.
Alichofanyiwa: kusafishwa kizazi, kupasuliwa, kitanzi, au kujifungua kwa kawaida.
Dawa alizopewa, na siku ya kuzimaliza.

Homa ikianza, ongezeni mstari wa tano: tarehe na saa homa ilipoanza.

Daftari hilo lende naye hospitali. Maana mama aliyechanganyikiwa hawezi kujieleza. Mama mkwe aliyemsindikiza pengine hajui. Daktari wa zamu ni mwingine, si yule aliyemtibu kwanza. Lakini akisoma "amesafishwa kizazi tarehe 3, homa tarehe 6," mara moja ataunganisha kichwa na kizazi. Mistari mitano tu! Kalamu yako imefanya kazi ambayo mtu mwenye nguvu asingeweza kuifanya.

TUWAHI

Njia zetu ni za milima, na usiku gari ni shida. Kwa hiyo tupange mapema. Kila kitongoji kijue nani ana pikipiki, nani ana gari, na machela iko wapi. Mama mjamzito au aliyejifungua karibuni akipata dharura, piga simu namba 115. Ni namba ya bure ya mpango wa m-mama, unaotafuta usafiri kwa ajili ya wazazi na watoto wachanga. Iandikeni ukutani.

Zahanati ndiyo mlango wa kwanza. Watampa dawa ya kuanzia na kumpeleka mbele, kama Murgwanza, Rulenge au Biharamulo. Akihitaji kupigwa picha ya ndani ya kichwa, anaweza kupelekwa hospitali ya rufaa, kama Bugando huko Mwanza.

Huko wanaweza kutaka kuchukua maji kidogo mgongoni ili kuyapima. Watu wengine hukataa, eti mgonjwa atapooza. Hayo si kweli kwa kawaida. Sindano huingizwa chini ya mahali uti wa mgongo unapoishia. Kinachopoozesha na kuua ni ugonjwa wenyewe ukiachwa. Tusikatae kipimo kwa maneno ya barabarani.

Dawa zitapitia mshipani, na huenda zikachukua siku nyingi. Jipu la ubongo huhitaji wiki kadhaa za dawa, na mara nyingine kupasuliwa ili kutoa usaha. Kama kizazi kina mabaki, kitasafishwa tena. Dawa zimalizwe zote. Mgonjwa akiona nafuu siku ya tatu, vijidudu bado havijaisha.

TUKINGE

Kinga ni ya sisi sote. Wajawazito wahudhurie kliniki na wachanjwe pepopunda. Wajifungulie kituoni. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba vizazi 81 katika kila 100 vilitokea katika vituo vya afya. Vifo vya wazazi vilikuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta 556. Hayo ni maendeleo, tusiyarudishe nyuma.

Mtu asiingize kitu chochote kizazini: si majani, si mizizi, si vijiti. Mama aliyesafishwa kizazi asikutane na mumewe mpaka damu ikome na kama alivyoelekezwa. Atumie kitambaa safi kilichokaushwa juani. Na ukiwa hospitali, una haki ya kuuliza kwa heshima: "Samahani, dada muuguzi, umenawa mikono?" Muuguzi mwema hatakasirika.

Ndugu zangu, migomba tuliiokoa kwa kusafisha panga na kuuwahi ugonjwa. Mama zetu ni zaidi ya migomba. Tusifiche, tuandike, tuwahi.



MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini jeraha la kizazi linaweza kuleta ugonjwa wa kichwa?
2. Katika habari ya yule mama wa watoto wanne, wewe ungefanya nini siku ya Alhamisi?
3. Ni mistari gani mitano ya kuandika katika daftari la nyumbani?
4. Katika kitongoji chenu, usiku wa manane, mgonjwa atasafirije? Pangeni leo, na mwandike majina ya watakaohusika.